Fundi Aliyeuliza Njia ya Kurudi

Siku hiyo tulikuwepo saba: Baba mdogo Masanja kutoka Kisesa, shangazi Milembe kutoka Sengerema, mzee wa kanisa, aliyekuja kufunga kikao kwa sala, wadogo zangu Neema na Paulo, mimi, na jirani yetu, ambaye hakuna aliyemwalika.

Ilikuwa siku ya kumaliza msiba wa mama. Baba alikuwa ametangulia miaka minne kabla. Kwetu, msiba ukimalizika ukoo hukaa na kugawana kilichobaki, na kilichobaki nyumbani kwetu Mkolani kilikuwa vyumba viwili, cherehani moja na watoto watatu. Cherehani haikuleta ubishi. Paulo, mwenye miaka minane, angeenda Kisesa kwenye ng'ombe wa Baba mdogo. Neema, mwenye kumi na mmoja, angevuka ghuba ya ziwa na shangazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili ili nimuuguze mama, kwa hiyo nilihesabiwa mtu mzima, wa kujitafutia.

Nilisema hapana. Niliisema mara tatu.

"Kabula," Baba mdogo alisema, wala si kwa ubaya, "hapana si chakula. Utawalisha nini?"

Ndipo jirani, aliyekuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akasema, "Nipeni mwaka mmoja."

"Wewe ni nani katika ukoo huu?" shangazi aliuliza.

"Sina ukoo hapa. Nina ukuta mmoja na hawa. Kwa miezi sita nimemsikia huyu binti akiwaamsha wadogo zake kila alfajiri, na hajachelewa hata siku moja. Kazi yangu inataka mtu wa namna hiyo. Nitamfundisha. Mwaka ukiisha na hana kazi mkononi, njooni mchukue watoto, na mizigo yao nitaibeba mimi mpaka stendi."

"Kazi gani?"

"Njia."

"Barabara?" Baba mdogo aliuliza.

"Njia za kompyuta."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mhaya huyu! Hata njia mnataka kuzisomea digrii!"

Watu wakacheka, na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa na akili kuliko tulivyodhani, akaanza kusali kabla hajatokea mtu wa kubadili mawazo.

Huyo jirani ndiye ninayetaka kumweleza. Mkolani nzima ilimwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Jina lake analo na ni lake. Alizaliwa wapi na kwa nani, sikuwahi kuuliza, na yeye hakunieleza zaidi ya kwamba kwao ni Kagera na kwamba kahawa tunayokunywa sisi huku ni maji ya kuoshea kikombe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa saa kubwa ya kiume mkono wa kulia. Saa hiyo ilitangulia dakika tano, kwa makusudi. Nikifika kazini saa moja na dakika mbili kwa saa yake, nilikuta mlango umefungwa, na nilisimama nje nikitazama mawe makubwa ya mtaa wetu mpaka saa mbili. Lakini Jumapili mtu huyohuyo aliingia kanisani mahubiri yakiwa katikati, akapita mbele ya kila mtu hadi kwenye kwaya, akaanza kuimba sauti ya pili aliyoijua yeye peke yake. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mungu ananisubiri. Wateja hawanisubiri."

Kazi aliifanyia katika chumba chake cha mbele. Kulikuwa na meza ya mninga, kompyuta tatu zilizovuliwa maganda, na rafu yenye visanduku vya ukubwa wa mkate. Visanduku hivyo tulivifunga kwa wateja: shule mbili, ghala moja, na kituo kimoja cha afya ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba kulikuwa na mlingoti wenye antena, na kutoka hapo redio zetu zilivuka maji.

Kabla ya kumjua nilidhani intaneti hushuka kutoka hewani kama mvua. Alinifungulia kisanduku kimoja akakiweka mbele yangu.

"Humu kuna programu nyingi," alisema. "Lakini chini yao zote kuna moja ambayo hakuna anayeiona. Inaitwa kiini. Programu nyingine ikitaka kutuma neno nje inakiomba kiini, kwa sababu yenyewe haina mlango. Milango yote iko mikononi mwa kiini."

Vitabu huiita milango hiyo violesura. Yeye hakuwahi kulitumia neno hilo. Palikuwa na mlango wa waya, mlango wa redio, na mlango wa laini ya simu. Na kiini hutunza jedwali: safari ya kwenda kule, tokea mlango huu, mkabidhi jirani yule.

"Kwa hiyo kiini kinajua Sengerema iko wapi?" niliuliza.

"Hakijui. Kinamjua jirani tu. Jirani naye anamjua jirani yake. Ulimwengu mzima unaendeshwa hivyo, na ninyi Wasukuma mnadhani unaendeshwa na ng'ombe."

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa kompyuta. Alinituma Buhongwa kwa miguu, kwa kuuliza. Sharti lilikuwa kwamba kila penye njia panda nimuulize mtu mmoja tu, na nimuulize hatua inayofuata tu. Niliandika kila nilichoambiwa: kata kushoto penye mashine ya kusaga, pita juu ya kalavati, fuata ukuta wa bluu. Nilifika. Kesho yake akanituma tena, na safari hii nirudi kwa kusoma daftari langu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilipotea mara mbili. Ukuta wa bluu upande wa pili haukupakwa rangi. Kwenye kalavati njia zilikuwa tatu, wakati asubuhi, kwa upande niliotokea, niliiona moja.

Nilirudi jua likiwa kali, nimekasirika. Alinipa maji.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba Fundi ananichezea."

"Na kingine?"

Nikafikiri. "Njia ya kurudi si njia ya kwenda iliyogeuzwa."

"Haya," alisema.

Hiyo "haya" ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Kwa miaka yote nimeipata labda mara nne. Neno jingine la sifa hakuwa nalo. Kwa upande huo alikuwa bahili.

Tangu siku ile, kila nilipotaka kubadili chochote kwenye jedwali, aliniuliza maswali matatu, nami nilipaswa kuyajibu kwa sauti, mkono wangu ukiwa juu ya meza na si kwenye kibodi. Unatoka wapi? Unapita wapi? Unarudi wapi? Watu, alisema, huangalia mawili ya kwanza. Pakiti, yaani kifurushi cha maneno, inafika, jibu linatoka, halafu jibu linapita mlango mwingine na kutupwa njiani, na mtu anakaa siku nzima akilaumu antena. "Kisichorudi hakijafika," alisema. Aliyasema hayo hata kwa muuza mkaa aliyesema kwamba ameshamtuma mwanaye na chenji.

Wengi wa kazi hii huishia kwenye kupanga milango na majedwali kwa amri. Yeye alishuka chini zaidi, akaandika ndani ya kiini chenyewe, na aliyemlazimisha ni ziwa. Kuna asubuhi hewa iliyo juu ya maji hupinda mawimbi ya redio. Taa ya mlango inawaka kama kawaida, kiini kinaamini mlango ni mzima, kinaendelea kutuma, na kila kinachotumwa kinapotelea katikati ya ghuba. Fundi aliandika kipande kinachokifundisha kiini kisiiamini taa: kimuite jirani wa ng'ambo, na jirani asipoitika mara tatu, kiifute njia ile na kuhamia mlango wa simu. "Taa inayowaka si mtu anayeitika," alisema.

Aliandika kwanza kwa penseli, kwenye kaunta buku, ukurasa wa kushoto tu. Ukurasa wa kulia aliuacha kwa ajili ya makosa, naye alisema kwamba mtu asiyeyatengea makosa yake nafasi atayaweka juu ya kazi. Maelezo ya pembeni mwa programu, yale ambayo kompyuta huyaruka, aliyaandika kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini, wakati msimbo wenyewe ni Kiingereza kitupu.

"Mashine haiyasomi. Yanasomwa na atakayekuja baada yangu, na atatoka hapahapa."

Msimbo ulinitesa. Nilisahau alama, nilisahau mabano. Siku moja nilijaza nukta mkato hata mahali pasipotakiwa, naye akaita kwa mshangao wa kwao, "Waitu! Msukuma akipewa nukta mkato anadhani ni mbegu ya pamba!"

"Na Mhaya akikosea," nilijibu, "husema kompyuta ndiyo haijasoma."

Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Hapo nilijua kwamba ninaweza kukaa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitandaza mtandao wilaya mbili, lakini simu yake mwenyewe aliifungia kwenye kopo la mkate, na ukitaka kumpata ilikubidi uje. Maisha yake yalikuwa kuvusha maneno juu ya maji, na maji aliyaogopa kuliko kitu chochote. Tulipopanda kivuko kwenda ng'ambo, alikaa katikati kabisa, akafumba macho, akavuma ile sauti ya pili ya kwaya mpaka tulipogusa nchi kavu. Na aliuchukia uongo. Fundi mmoja wa nguzo alimwambia kwamba waya umekatwa na nyani, kumbe ameukata yeye kwa panga. Hakumpa kazi tena. Hakumfokea. Kila alipopita, Fundi alimuuliza tu kwa upole, "Nyani hajambo?"

Ndiyo maana siku ninayoieleza sasa bado inanilemea.

Palikuwa na desturi moja ambayo hakumruhusu mtu kuikiuka. Kabla ya kugusa mlango wa kisanduku kilicho mbali, unafunga kamba. Maana yake, unakiachia kisanduku amri kwamba baada ya dakika kumi kijiwashe upya na kurudi kwenye mpango wa zamani. Ukimaliza salama, unaifuta ile amri. Ukiwa umejifungia nje, unasubiri dakika kumi na kamba inakurudisha. Bila kamba, mtu akikifunga kwa makosa ule mlango ambao yeye mwenyewe amepitia kuingia, hana njia tena. Ni lazima avuke ziwa akaandike kwa mkono mstari mmoja.

Mwaka wangu ulikuwa umebakiza wiki moja. Baba mdogo alikuwa ametuma ujumbe kwamba mpunga umevunwa na Jumamosi atakuja. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Nilikuwa mwanafunzi wa jirani tu. Kituo cha afya kilikuwa kimesema kitamwajiri fundi wake wa mtandao iwapo matengenezo ya wiki hiyo yangekwenda vizuri, na Fundi alikuwa amewatajia jina langu. Jumatano asubuhi aliniachia kazi ndogo: kuuzima na kuuwasha upya mlango wa laini ya simu, uliokuwa ukiwaka bila kupitisha neno, kwenye kisanduku cha kituo. Yeye alikwenda sokoni.

Milango ya visanduku vile ilikuwa na namba tu, wa kwanza na wa pili, na kiini kilizigawa namba hizo kwa kufuata mlango ulioamka mapema. Miezi yote wa kwanza ulikuwa redio, wa pili simu. Jumanne umeme ulikatika ng'ambo. Kisanduku kilipowaka tena, simu iliamka kabla ya redio. Namba zikabadilishana, na mimi sikutazama. Kamba sikuifunga pia, kwa sababu nilikuwa nafikiria Jumamosi, na dakika kumi niliziona nyingi. Nikaandika: funga wa pili.

Skrini ikaganda.

Nilielewa kabla sijainua kidole. Nilikuwa nimeufunga mlango niliopitia mwenyewe kuingia.

Fundi aliporudi na kikapu alinikuta mkono wangu uko juu ya meza, kama wakati wa yale maswali. Alitazama skrini, kisha akatazama karatasi ambapo huandikwa kila kamba iliyofungwa. Ilikuwa tupu.

"Unarudi wapi?" aliuliza.

"Sina."

Aliweka kikapu chini. "Vaa viatu."

Kwenye kivuko hakuvuma wimbo. Alikuwa na macho wazi njia nzima, akitazama maji, na hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea.

Tulifika kituoni baada ya mwendo wa saa tatu. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo kile, alitupokea uani. Asubuhi yote alikuwa na mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba, na daktari wa hospitali kubwa alikuwa akimwelekeza kwa mtandao ulipokatika katikati ya sentensi. Mwishowe alikimbia na pikipiki hadi kilimani penye mtandao wa simu, akamalizia maelekezo huko. Mama na mtoto walikuwa wazima. Yeye bado alikuwa na vumbi la njia usoni.

"Nani?" aliuliza. Neno moja tu.

Nilifungua mdomo. Nilimwona Paulo nyuma ya ng'ombe. Nilimwona Neema ndani ya kivuko kilekile, mgongo wake ukienda. Mdomo ukabaki wazi bila neno.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Nimefunga mlango usio wenyewe. Huyu binti ndiye amekuja kuurudisha."

"Mama, kwa umri wako! Mtu angekufa hapa!"

"Angekufa. Ni kweli."

"Basi usikanyage tena kituo hiki. Kuanzia leo aje binti. Wewe, hapana."

Fundi aliinamisha kichwa, akatoka, akaenda kusimama nje ya lango. Niliingia ndani, nikakaa mbele ya kisanduku, nikaandika ule mstari mmoja, na taa ya redio ikawaka. Mganga Mfawidhi aliniandikia barua ya ajira papo hapo, akaigonga mhuri. Niliipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi Baba mdogo alikuja. Aliisoma ile barua taratibu, akaipeleka kwenye mwanga, akaugusa mhuri kwa kidole.

"Mhuri wa kweli huu?"

"Wa kweli, Baba mdogo."

"Na kazi ya kweli?"

"Ya kweli."

Alikunja barua akanirudishia. "Basi wadogo zako ni wako," alisema, akatuachia debe la mchele, akaondoka. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Fundi akisogeza kiti.

Nilikwenda kwake jioni ileile kumwambia kwamba nitasema ukweli. Hakuinua kichwa kutoka kwenye kaunta buku.

"Ukisema sasa, nani analala wapi?"

Niliutazama ukuta uliotutenganisha na wadogo zangu.

"Basi nenda kapike."

Mwezi uliofuata aliandika kipande kipya cha kiini. Amri ya kufunga mlango ikija, kiini kiangalie kwanza: je, mtu anayeamuru ameingia kwa mlango huuhuu? Na je, kuna njia nyingine atakayoweza kurudi nayo? Kama haipo, kikatae. Kilikuwa kipande kifupi na kizuri. Alikituma kama kiraka kwa watu wa nchi mbalimbali wanaokitunza kwa pamoja kiini hicho, ambacho hutumika dunia nzima. Walimjibu kwa heshima. Walisema kazi imeandikwa vizuri lakini hawataipokea, kwa kuwa si kazi ya kiini kumlinda mtu dhidi ya amri yake mwenyewe; anayeamuru ndiye anayepaswa kujua anachofanya.

"Wana haki," alisema. "Hata mimi ningewakatalia." Kisha akakitia kiraka kile kwenye visanduku vyetu vyote, na kila toleo jipya la kiini lilipotoka alikishona upya.

Miaka imepita. Kivuko hatukipandi sana siku hizi, kuna daraja. Fundi hakwenda tena kituoni. Nilikwenda mimi, kila mwezi, na kila mara Mganga Mfawidhi aliponisifu nilitazama chini, naye alidhani ni adabu. Paulo yuko kidato cha sita. Neema anasomea uuguzi, na mwaka huu chuo kilimpeleka kwa mafunzo ya vitendo kituo kilekile.

Alirudi likizo akicheka. "Dada, unajua pale kuna hadithi ya bibi mmoja? Eti alikuja kutengeneza mtandao akajifungia nje mwenyewe, karibu aue mgonjwa! Mpaka leo mtu akikosea pale anaambiwa, usiwe kama yule bibi."

Alikuwa anakunywa chai iliyotoka kwa Fundi, upande wa pili wa ukuta. Sikucheka. Niliinuka nikaenda kuosha sufuria.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa Fundi na laptopu. Presha ya macho imemwibia karibu yote. Anaona dirisha, haoni mtu aliyesimama mbele yake. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekuja kumchukua kwenda Kagera, na mabegi yalikuwa mlangoni. Toleo jipya la kiini lilikuwa limetoka na kiraka kilikuwa hakikai. Nilikuwa nimekishona mimi, kwa mara ya kwanza bila yeye.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umefika na dakika tatu za ziada."

"Saa yako huioni."

"Naisikia. Soma."

Nilimsomea msimbo mstari kwa mstari, pamoja na mabano na nukta mkato. Alisikiliza akigonga meza kwa kidole kimoja. Kidole kikasimama.

"Rudi nyuma. Umeshika kufuli mara mbili."

Nilitazama. Nilikuwa nimeshika kufuli la jedwali, lile linalozuia wawili kuliandika kwa pamoja, mara mbili na kuliachia mara moja; kisanduku kingeganda siku ya kwanza. Nikarekebisha, nikaendelea, mpaka nikafika juu ya sehemu ya katikati, kwenye maelezo ya pembeni.

"Mbona kimya?"

"Nimefika kwenye maelezo."

"Yasome."

"Unayajua, Fundi."

"Mashine haiyasomi, Kabula. Basi soma wewe."

Nikasoma. "Kwa sababu ya siku ile ng'ambo. Kosa langu." Na herufi mbili za mwanzo za jina lake.

"Si kweli," nilisema. Miaka yote nilikuwa nimeupita mstari ule kwa macho, haraka, kama mtu anavyopita mlango wa anayemdai. "Nitaufuta. Nitaandika jina langu."

"Usifute maandishi ya watu. Nilikuachia kazi bila kukagua kamba. Mwalimu alikuwa nani?"

"Hilo ni lako. La kufunga mlango ni langu. Na la kunyamaza uani ni langu." Nikamweleza habari ya Neema na kicheko chake.

Nje mtoto wake alikuwa akifunga godoro kwenye gari.

"Anasema, usiwe kama yule bibi?"

"Ndiyo."

"Na anakunywa chai yangu." Akatabasamu, lakini si sana. "Wakikunyang'anya ile kazi, Paulo atamalizaje shule?"

"Nitabeba mchanga. Nitafunga antena za watu. Wadogo zangu hawagawanywi tena, Fundi. Hilo limekwisha, na wewe ndiye uliyelimaliza."

"Umefunga kamba?"

Nilielewa alichouliza. Alitaka kujua kama nimejiachia nafasi ya kurudi nyuma, neno la kujitetea, dakika kumi za kubadili nia.

"Safari hii sifungi."

Alitafuta mkono wangu juu ya meza mpaka akaupata.

"Haya," alisema.

Aliondoka Jumapili, na kama kawaida yake alichelewa, mpaka kengele ya ibada ya pili ilikuwa imeshalia. Neema alimbebea begi hadi kwenye gari, akampigia magoti, akamwambia asisahau kututumia senene wa kukaanga. Nilisimama kando. Neema nilikuwa sijamwambia. Nimeamua kwamba atasikia palepale aliposikia ile hadithi, mbele ya watu walewale, ili lisije likawa siri nyingine ya nyumbani.

Kiraka kimekaa vizuri. Nimekiingiza kwenye visanduku vyote, na cha kituo kikiwemo. Nimemwomba Mganga Mfawidhi nafasi ya kuonana naye mbele ya wafanyakazi wake, naye amenipa Alhamisi asubuhi. Leo ni Jumatatu. Ule mstari wa maelezo sijaugusa, kwa kuwa sina haki ya kuongeza neno chini yake kabla sijalitamka kwa mdomo wangu uani pale. Jioni hii, ndani ya kila kisanduku kuanzia Mkolani mpaka ng'ambo, bado imeandikwa kwamba kosa ni la Fundi.